Nilisimamisha masomo ya uuguzi nimuuguze mama, sasa chuo kinasema nianze mwaka wa kwanza. Hapana!

Wakuu, nimetoka ofisi ya taaluma ya chuo changu saa sita mchana na mpaka sasa mikono inanitetemeka. Hii ni mara ya nne naenda pale tangu mwaka huu uanze. Mara ya kwanza niliambiwa nilete barua ya hospitali, nikaleta. Mara ya pili ikatakiwa barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri, nikaleta. Mara ya tatu mkuu wa chuo alikuwa safarini, nikaacha namba ya simu nipigiwe. Hakupiga mtu. Leo nimeambiwa, hata kiti sikukaribishwa, kwamba mimi si mwanafunzi tena. Eti nilitoroka masomo, na kama bado nautaka uuguzi niombe upya pamoja na waliomaliza kidato cha nne juzi.

Mimi sikutoroka.

Nilikuwa mwaka wa pili, yaani ngazi ya NTA 5 (mwaka wa kwanza ni NTA 4), muhula wa pili, stashahada ya uuguzi na ukunga, chuo cha binafsi huku Kanda ya Ziwa. Jina lake sitalitaja, matokeo yangu bado yako mikononi mwao. Mwaka wa kwanza nilimaliza na GPA ya 3.3, sikuwa na sapu (mtihani wa marudio) hata moja. Wiki ya tatu ya muhula nikapigiwa simu kutoka nyumbani Songea: mama kaanguka bafuni, kiharusi, upande wote wa kulia umelala. Baba alishatangulia mbele za haki. Wadogo zangu ni wawili, mmoja wakati huo alikuwa darasa la sita na mwingine kidato cha pili. Niambieni, nani angekaa na mama?

Usiku uleule niliandika barua ya kuahirisha masomo, asubuhi nikaipeleka ofisini. Mama mmoja akaipokea, akaisoma mpaka mwisho, akanipa pole. Akasema, "Nenda mwanangu kamwangalie mama, haya ya huku tutayaweka sawa." Nikapanda basi. Kutoka huku hadi Songea ni Dodoma, Iringa, Makambako, Njombe, ndipo uteremke kwenu, na njia nzima nilikuwa nawaza mama tu. Kosa langu liko hapo na nalikiri: sikuomba nakala iliyogongwa muhuri. Nilikuwa na miaka 21, mama yangu kalazwa, na mtu mzima ananiita mwanangu. Nilimwamini. Leo faili langu halina barua yoyote, na yule mama alishahama kikazi.

Miezi kumi nilikuwa nyumbani. Nilimgeuza mama kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na hakupata kidonda cha mgongo hata kimoja. Nilimlisha kwa mpira wa puani mpaka alipoweza kumeza uji. Nilimpima presha nikawa naandika kwenye daftari, na daktari wa kliniki alipoliona aliuliza nimesomea wapi. Kila kitu nilichofanya kile chuo ndicho kilinifundisha, kisha chuo hichohicho kinaniandika mtoro.

Nimewaambia leo, basi nionyesheni kifungu. Kanuni inayosema mwanafunzi akikosa muhula mmoja anarudi NTA 4 iko wapi? Jibu: "Huo ndio utaratibu wa chuo." Umeandikwa wapi? Kimya. Ninayo fomu ya kujiunga hapa mezani. Imeandika viatu vyeusi visivyo na kisigino, saa yenye mshale wa sekunde, rimu ya karatasi, ndoo, fyekeo, ufagio wa ndani na ufagio wa nje. Kuhusu mwanafunzi anayeugua, anayeuguza, anayejifungua au anayeishiwa ada, kwamba aahirishe vipi, arudi ndani ya muda gani na aje na karatasi zipi, hakuna hata mstari mmoja. Ufagio wameukumbuka, mtu wamemsahau.

Nikasema sawa, kama hawanitaki nihame. Kuna chuo jirani na nyumbani, nilienda mwenyewe kuuliza na wakasema nafasi ya NTA 5 ipo. Masharti yao yanaeleweka, sina ugomvi nayo: cheti cha kidato cha nne chenye Kemia, Biolojia na Fizikia, matokeo ya mihula niliyomaliza, barua ya tabia njema, na barua ya chuo nilichotoka ikisema kinaniruhusu kuhama. Karatasi nne. Cha kidato cha nne ninacho. Tatu ziko kwenye ofisi niliyotoka leo.

Sikilizeni walivyonijibu. Barua ya kuruhusiwa kuhama hawawezi kutoa kwa sababu barua hiyo hupewa mwanafunzi, na mimi si mwanafunzi wao. Matokeo nitapewa nikishalipa ada ya muhula ambao sikusoma, laki saba, pamoja na faini ya kuchelewa. Nikiomba barua mimi si wao, ila ikija ada mimi ni wao! Nimemwuliza mhasibu, kama nilitoroka na mkanifuta, ada hii ni ya nani? Kaniambia nisimletee ubishi.

Kinachonikera zaidi ni hili la kuanza upya. Mfumo wenyewe umejengwa kama ngazi. NTA 4, kisha 5, kisha 6 ndiyo stashahada. NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ndiyo inayosimamia ngazi hizo, vyuo vya uuguzi haviamki asubuhi kila kimoja kikatunga ngazi zake. Somo lina krediti zake, na krediti ni saa za kazi ambazo mwanafunzi alishazitumia, darasani na wodini. Nilifanya mtihani wa NTA 4 nikafaulu. Nani mwenye mamlaka ya kufuta ufaulu wangu kwa mdomo, akiwa kasimama mlangoni na chai mkononi?

Halafu kuna logibuku. Waliopita vyuo vya afya wanajua uzito wake. Kila ulichofanya wodini unakiandika na anayekusimamia anasaini: kuweka kanula ya dripu kwenye mshipa, kuweka mpira wa mkojo, kusafisha kidonda, kujaza patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi), kuzalisha. Mimi nina saini 14 za kuzalisha, za wakunga wa leba ambao hawasaini ovyo. Ya tisa siisahau. Saa tisa usiku, mtoto katoka hajalia, kalegea kama kitambaa. Mkunga yuko kitanda cha pili na mama anayetoka damu. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Nikamweka barakoa nikaanza kumpumulisha, nikihesabu kwa sauti kama tulivyofundishwa, na dakika haikuisha akalia. Mkunga alipokuja kusaini, pembeni ya saini aliandika neno moja: hongera. Leo mtu kaishika logibuku hiyo kwa vidole viwili, akafunua kurasa tatu, akasema, "Hii haihamishiki."

Haihamishiki kwenda wapi? Mikono yangu imesahau?

Najua kuna mtakaosema uuguzi si mchezo, mtu aliyekaa nje karibu mwaka mzima anaweza kumdhuru mgonjwa. Nakubali kabisa. Basi nipimeni! Nisimamisheni mbele ya mdoli wa mazoezi niulizwe dozi, nifanyishwe kila kitu mbele ya wakufunzi. Nirudisheni muhula wote wa pili wa NTA 5 tangu wiki ya kwanza, nilipe ada yake, nikae darasa moja na wadogo zangu kimasomo. Hilo nililiandika mwenyewe kwenye barua ya kuomba kurudi. Ninachokataa ni miaka mitatu mipya kwa milioni moja na laki nne kila mwaka, huku hakuna aliyenihoji swali moja la uuguzi.

Na siko peke yangu. Nje ya ofisi leo nilimkuta dada aliyejifungua akiwa mwaka wa pili, mtoto mgongoni, naye ni safari yake ya tatu. Mwaka 2021 serikali iliruhusu wanafunzi wa msingi na sekondari walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi darasani. Mtoto wa kidato cha pili anarudi, anayesomea ukunga anafungiwa mlango kwa sababu kazaa? Wenzetu wa vyuo vikuu wanatangaziwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) dirisha la uhamisho, lina tarehe zake. Sisi tunategemea nani yuko ofisini siku hiyo na kaamkaje.

Naomba msaada, hasa kwa waliowahi kuhama chuo cha afya wakiwa NTA 5. Barua ya kuruhusiwa mliipataje? Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko ngazi ya juu kwa maandishi akajibiwa, na aliambatisha nini? Je, chuo kinaweza kuzuia matokeo ya mihula ambayo ada yake ililipwa yote? Stakabadhi zote ninazo, nilizitunza kwenye bahasha moja na cheti changu cha kuzaliwa. Tafadhali msinijibu "kuwa mpole". Nimekuwa mpole tangu Januari.

Mama sasa anatembea kwa fimbo na anajipikia chai. Kila jioni anauliza narudi chuo lini, namwambia bado wanashughulikia. Sijamwambia wameniandika mtoro, maana najua atajiona yeye ndiye aliyeniharibia.

Jumatatu narudi pale na barua mbili, moja ya kuomba kurudi na moja ya kuomba kuhama, kila moja nakala mbili. Nakala moja yao, moja yangu. Na safari hii siondoki mlangoni mpaka yangu igongwe muhuri.