Waswahili wa Perth, watoto wetu watakufa maji huku tunachangishana fulana

Wakuu, salaam.

Modereta, naomba uzi huu usiuunganishe na ule wa maisha ya Australia. Kule watu wanaulizana bei za nyumba na viza, hili langu litafukiwa kabla ya jioni.

Nina hasira na sitazificha. Wikiendi iliyopita jumuiya yetu hapa Perth ilifanya siku ya familia ufukweni. Sitaji ufukwe wala jumuiya, wenyewe wanajijua. Mwaliko ulisema saa nne asubuhi. Watu wameanza kuteremka kwenye magari saa nane mchana, na nyama imepanda kwenye majiko ya halmashauri saa tisa. Watoto wamekaa na njaa na joto, wakaambiwa "nendeni mkacheze majini hapo". Hapo wapi? Hakuna aliyetazama. Bendera nyekundu na njano za waokoaji zilikuwa upande wa pili kabisa, sisi tulikaa huku kwa sababu huku ndiko kulikokuwa na kivuli na nafasi ya spika.

Mtoto wa kiume wa darasa la tatu akavutwa na mkondo. Wazazi walikuwa wanaona kichwa kinaelea wakadhani anacheza. Waliomwona ni vijana wa kujitolea wa uokoaji, kutoka mbali kule kwenye bendera. Walikimbia na ubao, wakamtoa, akatapika maji mchangani mbele ya mama yake. Muda si mrefu MC akashika kipaza sauti akatangaza chakula kiko tayari, na foleni ikapangwa.

Usiku kwenye kundi la WhatsApp zikamwagika picha. "Siku ilipendeza sana." "Pilau ya mama fulani haina mpinzani." Kisha ukaanza mjadala wa fulana za jumuiya, rangi gani, nembo ikae kifuani au mgongoni, kila familia itoe ngapi. Habari ya mtoto, kimya. Nikaandika kwamba tuzungumze kuhusu usalama wa watoto majini. Nimejibiwa mstari mmoja: "Tumshukuru Mungu yamepita, dada." Halafu wakarudi kwenye fulana.

Yamepita vipi? Kiangazi chenyewe ndiyo kwanza kinaanza!

Tuelewane tunaishi wapi. Perth inapata zaidi ya saa 3,000 za jua kwa mwaka, hakuna mji mkuu wa jimbo lingine Australia unaoifikia. Februari 2024 tulipigwa na siku saba za nyuzi 40 kwenda juu ndani ya mwezi mmoja. Kwa joto hilo mtoto ataenda kwenye maji, umpeleke usimpeleke. Ataenda na marafiki wa shule, ataalikwa siku ya kuzaliwa kwenye nyumba yenye bwawa, akifika sekondari atapanda treni na wenzake mpaka ufukwe wa Cottesloe bila kukuaga. Kushoto bahari, katikati mto Swan, nyuma ya nyumba za majirani mabwawa. Sheria ya jimbo inamlazimisha mwenye bwawa lenye kina cha zaidi ya sentimita 30 azungushe uzio wa mita 1.2 na geti linalojifunga lenyewe, kwa sababu serikali inajua mtoto mdogo anakufa kwenye maji ya kumfikia magotini. Sisi tumepanga nyumba hizo hizo, na nimeona kwa macho yangu geti limeegeshewa kiti lisijifunge ili wageni wapite kirahisi na masinia. Kwenye nyumba ya Mswahili mwenzetu.

Mimi ni mtu wa Tanga na nimekulia ufukweni, ndiyo maana kauli ya "sisi watu wa pwani, bahari tunaijua" inanichoma. Unajua bahari ya kwenu. Kwetu miamba iko mbele, mawimbi yanavunjikia huko nje, maji yanayofika mchangani yamepoa. Siku za bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, watoto wanacheza kwenye vidimbwi wakati wa maji kupwa, wanazoea kidogo kidogo. Ukienda fukwe za hapa kama Scarborough au Trigg, Bahari ni ile ile ya Hindi lakini mawimbi yanakuja moja kwa moja mpaka miguuni. Maji yote yaliyoletwa na mawimbi lazima yatafute pa kurudia, basi yanachimba njia kwenye fungu la mchanga na kutoka nje kwa kasi. Na pale kwenye njia hiyo ndipo utaona maji yametulia, rangi imekolea, mawimbi hayavunjiki. Mzazi asiyejua anatazama ufukwe mzima, anachagua pale palipotulia, anawaambia wanawe "ogeeni hapa, hapa salama". Amewaweka mlangoni mwa mkondo kwa mikono yake.

Ndiyo sababu ya zile bendera! Waokoaji asubuhi wanasoma bahari, wanachagua kipande kilicho salama kwa siku hiyo, wanaweka bendera mbili, na macho yao yako katikati ya hizo mbili. Kesho zinaweza kuhamia kwingine. Wakimaliza zamu wanazing'oa. Sasa wewe unafika ufukweni saa kumi alasiri, upepo wa baharini ambao wenyeji wanauita Fremantle Doctor umeshaingia tangu mchana na kuchafua maji, waokoaji wanajiandaa kuondoka, ndiyo unawaachia watoto. Ukitembea hapo saa moja asubuhi utakuta familia za Waaustralia wenye vitoto vya miaka mitatu, maji kama kioo. Saa nne wamekusanya vitu vyao wanarudi nyumbani jua lisiwaunguze. Sisi saa nne ndiyo tunageuka upande wa pili wa kitanda.

Na mtoni kusiwadanganye. Pale Point Walter kuna ulimi mrefu wa mchanga unaoingia mtoni, maji ya kifundo cha mguu, familia zetu zinapapenda. Pembeni ya mchanga huo kina kinashuka ghafla. Mtoto asiyejua kuogelea akipiga hatua mbili upande usiofaa, hana pa kukanyaga.

Shirika la uokoaji majini, Royal Life Saving, lilihesabu vifo 323 vya kuzama Australia katika mwaka ulioishia Juni 2024. Mwaka hadi mwaka taarifa zao zinawataja watu waliozaliwa nje ya nchi kuwa miongoni mwa walio hatarini. Hao ni sisi. Na kina baba sikilizeni, wanaume huwa karibu wanne kati ya kila watano wanaozama. Baba hajui kuogelea, mtoto anavutwa, baba anaruka na suruali yake kumfuata. Mtoto anaokolewa na watu wengine, baba anazikwa. Mtu akivutwa na mkondo asishindane nao kurudi nchi kavu, atachoka. Aelee, ainue mkono, aache umpeleke mpaka unapoisha nguvu. Aliye ufukweni amtupie kitu kinachoelea na aite waokoaji. Hivi vitu viwili tungeweza kuvitangaza kwenye spika kabla ya kuweka muziki. Hatukuvitangaza.

Sasa visingizio. Nimevisikia vyote na nimechoka navyo.

Nywele za mabinti. Kweli klorini inaharibu nywele, kusuka ni gharama, naelewa kabisa. Shirikisho la kuogelea la dunia lenyewe lilikataa mwaka 2021 kofia zilizotengenezwa kwa nywele nyingi za watu weusi, wakapigiwa kelele mpaka wakazikubali Septemba 2022. Kwa hiyo kofia zipo, kubwa, za kuingiza hata rasta ndefu, zinaagizwa mtandaoni. Msuke mtoto mabutu ya kawaida kipindi cha masomo. Nywele zitaota.

Stara. Dada zangu Waislamu, mimi ni mmoja wenu. Burkini, vazi la kuogelea linalositiri mwili, imebuniwa hapa hapa Australia, Sydney, mwaka 2004, na Aheda Zanetti, mama Mwislamu aliyemwona mpwa wake anapata shida kucheza netiboli akiwa na hijabu. Mabwawa kadhaa ya mji huu yana vipindi vya wanawake peke yao. Ulizeni kabla hamjamkatalia mtoto.

Papa. Papa wapo, sibishi, na wameua watu katika jimbo hili. Cottesloe, Sorrento na Coogee kuna maeneo yamezungushiwa nyavu. Na bwawa la halmashauri halina papa.

Hela na muda. Hapa naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu ni hoja ya kweli. Masomo ya kulipia ni karibu dola 20 kwa nusu saa, una watoto watatu, umeshamalizika. Wenye viza za muda wengi hawapati ruzuku ya serikali ya malezi ya watoto, wanalipa bei kamili, kwa hiyo baba anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na mama za mchana, wanapishana mlangoni. Wengine kina baba wako migodini Pilbara, wiki mbili huko, wiki moja nyumbani. Na kuna wenzetu wa Kongo na Burundi waliolelewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako maji waliyoyajua ni ya ndoo na foleni ya bomba. Kuwataka hao wajue mikondo ya bahari bila kufundishwa ni kuwaonea. Nawalaumu pia wanaotupokea: mtu anateremka uwanja wa ndege anapewa semina ya benki, ya usafiri, ya mapipa ya taka yana rangi gani. Maji yaliyomzunguka pande zote yanatajwa kwenye kijitabu cha Kiingereza ukurasa wa mwisho. Inauma.

Lakini hata kile cha bei nafuu tunakiacha! Shule za msingi za serikali hapa Western Australia zina masomo ya kuogelea ndani ya muhula, tangu darasa la awali hadi la sita. Mwalimu ni bure, mzazi analipia kiingilio cha bwawa na basi tu. Fomu inaletwa nyumbani, na najua wazazi waliojaza "hapana" au hawakuirudisha, mtoto akabaki shuleni anachora huku darasa zima liko bwawani. Likizo kuna VacSwim, masomo ya kuogelea ya Idara ya Elimu, miaka 5 hadi 17, bei iko chini sana ukilinganisha na masomo binafsi, na inafanyika Oktoba na tena Desemba na Januari, mabwawani na ufukweni. Ukiuliza kwenye kundi letu nani amewahi kuisikia, utahesabu vidole vya mkono mmoja.

Wakati huo huo Jumamosi zetu zinakwenda wapi? Kikao cha kamati ya harusi. Sendofu. Kitchen pati. Mahafali ya mtu aliyemaliza kozi ya miezi sita. Ukumbi umekodiwa kuanzia saa kumi na moja jioni, bibi harusi anaingia saa nne usiku, watoto wamelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa, wengine wamepewa simu tangu jua halijazama. Saa nane za usiku tunawabeba kwenda kwenye magari. Jumapili asubuhi, muda ambao vilabu vya uokoaji vinafundisha watoto wa miaka mitano hadi 13 kusoma bahari kwenye mpango wao wa Nippers, wetu wamelala hoi. Sisemi tusioane. Harusi moja ya juzi kadi ya mchango ya familia ilikuwa dola mia tatu, na watu walitoa bila kunung'unika. Mtu huyo huyo ukimtajia ada ya VacSwim anakwambia maisha magumu.

Nina ombi moja kwa mwenyekiti na kamati, na najua mnapita humu mkisoma kimya kimya. Zile hela za fulana, ambazo zimeshaanza kukusanywa, zilipieni watoto VacSwim ya likizo hii. Anzeni na watoto wa kina mama wanaolea peke yao na familia zilizofika karibuni. Kwa upande wa kaskazini, Mirrabooka, Balga, Girrawheen na Koondoola, gari langu lina viti saba, asubuhi za siku nisizo kazini nitabeba watoto na kuwarudisha. Natafuta mwenye gari upande wa Gosnells na Armadale. Natafuta pia mtu anayeongea Kirundi au Kiswahili cha Kongo aje ufukweni asubuhi moja, tuwaombe waokoaji waonyeshe mkondo kwa vitendo na yeye awaeleze wazazi kwa lugha yao. Siku ya familia ijayo ifanyike asubuhi, katikati ya bendera, na watu wazima wawili wanaojua kuogelea wakae ukingoni wakitazama maji tu, bila simu, wapokezane kwa zamu.

Aliyeniandikia faragha kwamba ninaiaibisha jumuiya, aje ayaseme hapa hadharani, na anieleze yule mtoto angezikwa na fulana ya rangi gani.