Naomba ushauri: niwaunganisheje watu na kazi za kujitolea zinazowafaa?

Mtoa mada
Ndugu zangu, salaam. Kikundi chetu kimenikabidhi jukumu la kuwaunganisha watu wanaotaka kujitolea na taasisi za jirani zinazohitaji msaada, kama vile shule, zahanati, maktaba na makao ya wazee. Wanaojiandikisha hawakosekani, lakini wengi huenda mara moja au mbili kisha hawaonekani tena, na wasimamizi wa taasisi nao hulalamika kwamba tunawapelekea watu wasiowahitaji. Fomu yetu inauliza jina, simu na fani ya mtu, basi. Niulize nini zaidi, na nitajuaje kwamba kazi fulani inamfaa mtu fulani?

Afisa Ustawi
Ndugu mtoa mada, naona kasoro inaanzia kwenye fomu. Ukiuliza fani peke yake, mhasibu utampeleka kwenye vitabu vya hesabu, ilhali huenda amechoshwa na hesabu za kutwa nzima na anachotamani ni kupanda miti au kuwasomea watoto hadithi. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, wakiongozwa na Gil Clary na Mark Snyder, walichapisha kipimo kinachotaja sababu sita za watu kujitolea: kutekeleza maadili wanayoyaamini, kujifunza, kuwa pamoja na wenzao, kujijenga kitaaluma, kujipunguzia mzigo wa moyoni, na kujiongezea hali ya kujithamini. Walionyesha pia kwamba mtu anayekipata kazini kile alichokifuata huridhika zaidi na huwa na nia ya kuendelea. Kwa hiyo muulize kila mmoja, kwa mazungumzo na si kwa karatasi tu, anatarajia kupata nini. Kijana anayetafuta uzoefu wa kazi atahitaji msimamizi wa kumfundisha na barua ya kuthibitisha utumishi wake. Mjane anayetafuta watu wa kuzungumza nao usimfungie stoo apange majalada.

Mratibu wa Zamani
Nakubaliana na Afisa, ila mimi ningeanza na upande wa pili, kwa sababu mara nyingi taasisi yenyewe haijui inataka nini. Msimamizi akikuambia "tuletee watu kumi", usikubali kuwapeleka mpaka akueleze watafanya kazi gani, siku zipi, kwa saa ngapi, nani atawapokea na nani atawalipia nauli. Wengi wanaotoweka hawakukosa moyo: walifika, wakakaa kwenye benchi asubuhi nzima bila kupewa kazi, wakajiona ni mzigo. Jambo hilo linaniuma kila ninaposikia watu wakilaumiwa kwamba si waaminifu. Aidha, kazi ya kwanza iwe fupi na yenye mwisho unaojulikana, kisha umpigie simu mhusika baada ya siku ile ya kwanza na umwulize kwa uwazi kama angependa kuendelea, kubadilishiwa au kupumzika.

Msomaji Mpya
Samahani, lakini je, tukijali mno matakwa ya anayejitolea, hatutamsahau anayehitaji msaada?

Afisa Ustawi
Swali lako ni la haki. Mahitaji ya mwenye shida ndiyo yanayoamua kazi ipi ifanywe. Mapendeleo ya anayejitolea yanaamua tu nani aifanye. Mzee anayetembelewa na mtu mmoja kwa mwaka mzima hunufaika kuliko anayeletewa mgeni mpya kila wiki.

Mtoa mada
Nashukuru sana, nimeelewa. Je, wale wasioweza kutoka nyumbani kwa ulemavu au kwa kuuguza, niwaondoe kwenye orodha?

Mratibu wa Zamani
Usiwaondoe hata kidogo. Umoja wa Mataifa umekuwa ukiwaunganisha watu na kazi za kujitolea kupitia intaneti tangu mwaka 2000, na hata taasisi ndogo za jirani zina tafsiri, barua na takwimu zinazoweza kushughulikiwa nyumbani, au wazee wanaohitaji kupigiwa simu tu. Neno langu la mwisho ni kuhusu watoto. Kwa kazi yoyote inayowahusu, dai wadhamini wawili na uzungumze nao wewe mwenyewe, na uhakikishe kwamba taasisi haimwachi mtu mzima peke yake na mtoto faraghani, hata kama ni jirani unayemheshimu.