Eti napita kwa HISANI yake? Yule wa semi ya kijani anatumalizia lami Kigoma!

Wakuu, mikono inatetemeka hapa ninapoandika. Yule jamaa wa semi ya kijani, simtaji, Kigoma nzima mnamjua, kanifokea mbele ya abiria wangu: "Wewe bajaji unapita hapa kwa hisani yangu." HISANI YAKE!

Kosa langu kumwambia springi zake zimekufa. Majani mawili, vile vyuma bapa vya springi, yamekatika, kayafunga na mpira wa tyubu. Shokapu zinavuja mafuta hadi kwenye rimu. Akivuka tuta, tela linaruka na kutua kwa kishindo mpaka migebuka ziwani inahamia Kongo. Ndiyo maana shimo la pale Mwanga liko hatua chache baada ya tuta, palepale ekseli zinapotua. Rimu yangu ya mbele imepindia humo. Halafu kwa hisani yake!

Ati mzani ulimpitisha. Mzani unapima gari limetulia! Ekseli ya tani 10 ikirushwa juu, inarudi chini na uzito zaidi ya huo. Wamarekani walilipima hili jambo Illinois, 1958 hadi 1960: uzito wa ekseli ukiwa mara mbili, lami inaumia karibu mara 16. Bajaji na abiria watatu imeikosea nini lami? HISANI!

Fundi Springi: Mleta uzi yuko sahihi. Na wenye mabegi ya upepo badala ya springi za chuma msicheke, shokapu ikifa tela linadunda kuliko hata la springi za chuma. Nikiwaambia wanunue shokapu, wananunua taa za urembo.

Mgebuka Mkavu: Kwa hiyo mkuu, hiyo hisani ulishukuru au uliondoka tu? 😂😂

Tela Juu: Bajaji mnaogeuza katikati ya barabara bila indiketa nanyi mna mdomo? Jana nusura nimbebe mmoja pale sokoni.

Mama Mawese: Afadhali nyie mna lami ya kuharibiwa. Huku kwetu vumbi la maroli linaingia mpaka kwenye sufuria, na hakuna anayemwaga maji.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kaniambia kwa hisani YAKE!

Tela Juu: Maji yenyewe ya kumwaga yako wapi? Mtaani kwetu bomba linakohoa tu.

Mgebuka Mkavu: Mama Mawese, dumu la mawese la lita 20 unauzaje?

Mama Mawese: Njoo pembeni tuongee.