Kuwajibika kwa uzembe uliokithiri tu: kifungu hiki kina nguvu chini ya sheria ya Uingereza?

Mwenye Kahawa: Wanasheria, naomba ufafanuzi. Tunasafirisha kahawa kutoka Uganda kupitia Mombasa. Mwenye ghala ametuletea mkataba unaofuata sheria ya Uingereza, unaosema kwamba hatawajibika kwa hasara yoyote isipokuwa iliyotokana na "uzembe uliokithiri", maneno ambayo hayakufafanuliwa popote. Magunia yakilowa, tutapaswa kuthibitisha nini?

Wakili wa Pwani: Ndugu, mahakama za Uingereza zina shaka ya zamani na maneno hayo. Katika kesi ya Wilson dhidi ya Brett ya mwaka 1843, Jaji Rolfe alisema haoni tofauti kati ya uzembe na uzembe uliokithiri, ila huo wa pili umeongezewa neno la kushutumu. Hata hivyo, pande mbili zikiyaandika katika mkataba wao, jaji hayachukulii kuwa pambo. Mwaka 1997, katika kesi ya meli ya Hellespont Ardent, Jaji Mance alieleza kwamba yanaweza kumhusu aliyeitambua hatari akaendelea nayo, na pia aliyepuuza vibaya hatari iliyo wazi. Kwa hiyo, paa lililovuja usiku mmoja bila mtu kujua huenda lisitoshe. Lakini mwenye ghala aliyearifiwa kwa barua kwamba paa linavuja, kisha akayaacha magunia palepale hadi masika, ana kazi ngumu ya kujitetea. Tunzeni barua zenu.

Mwenye Kahawa: Nashukuru. Je, hakuna sheria inayozuia kifungu cha namna hii?

Msomaji Mikataba: Ipo sheria ya mwaka 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki, inayotaka kifungu cha kukwepa dhima ya uzembe kiwe cha haki na busara. Tatizo ni kifungu chake cha 27, kinachoondoa kinga hiyo pale ambapo sheria ya Uingereza inatumika kwa sababu tu pande zimeichagua. Ghala liko Kenya, nanyi mko Uganda, msiitegemee. Wengi huchagua sheria ya Uingereza wakidhani wamechukua na kinga zake zote. Dai ufafanuzi wa maneno hayo, kisha pendekeza uzembe wa kawaida ulipiwe hadi thamani ya shehena, na uliokithiri usiwe na kikomo. Tena, mwonyesheni mwenye bima rasimu kabla ya kusaini, kwa maana akishawalipa hurithi haki zenu dhidi ya mwenye ghala, naye hatapenda kukuta mmekwisha kuzisamehe.