Kuilaza Landrover ya zamani masika yote, Raskazone, Tanga: naombeni ushauri

Wakuu, nina Landrover Series III, 88 (inchi kati ya ekseli mbili), ya petroli. Nasafiri Machi, narudi Juni. Banda ni la bati, sakafu mchanga, bahari iko nyuma ya ukuta. Turubai la nailoni ninalo, na dogo wa nyumbani ataiwasha dakika tano kila wiki. Niongeze nini?

Fundi Ngamiani:
Hizo dakika tano futa kabisa. Petroli ikiungua hutoa maji. Injini isipopata moto vizuri, maji hayo yanabaki kwenye oili na ekzosi, kutu inaanza. Aiendeshe nusu saa au asiiguse.

Kabla ya kuilaza, mwaga oili ikiwa ya moto, weka mpya na filta mpya. Jaza tangi pomoni, hewa ikiwa kidogo unyevu nao unapungua. Kisha chomoa mpira wa petroli unaoingia kwenye pampu, uzibe, acha injini izime yenyewe. Petroli ikikaukia kwenye kabureta huacha gundi kwenye jeti (vitundu vya kupitisha petroli), na Juni gari halitakaa silensa, yaani kunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Mzee wa Chesisi:
Mkuu, hapo Raskazone ogopa chumvi kuliko mvua. Bodi ni aluminiamu, ila chesisi (fremu ya chini) ni chuma na huoza kuanzia ndani. Zibua matundu yake ya chini kwa waya, piga maji ya bomba mpaka yatoke masafi, acha ikauke kabisa ndipo upulize oili ndani. Ukiwahi, umeifungia kutu humo humo. Penye bawaba na bolti, ukiona unga mweupe ujue aluminiamu inaliwa. Safisha, paka grisi.

Turubai la nailoni fungia mahindi, linazuia unyevu usitoke. Gari lifunike kwa shuka la pamba.

Binti Pongwe:
Hendibreki usivute! Yake ni ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, na shuu zinaganda vile vile. Zuia tairi kwa magogo. Klachi nayo ikandamize kwa mti kati ya pedeli na siti, sahani ya klachi isigandie flaiwili (gurudumu zito la injini). Betri itoe, anza na waya wa hasi. Ikishuka chini ya volti 12.4, dogo aichaji.

Mwenye uzi:
Ahsanteni sana. Na tairi?

Fundi Ngamiani:
Inua gari tairi zisiguse chini, stendi ziwe chini ya ekseli ili springi zisining'inie, na kila stendi ikae juu ya ubao mpana, mchanga unazama. Matofali ya saruji usijaribu, hupasuka ghafla.