Naomba ushauri: yuza na skima kwenye Oracle

Wakuu, habari zenu. Natunza databesi ya Oracle ya nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Naingia kwa yuza MAPOKEZI, ila majedwali yote ni ya skima (fungu la majedwali ya yuza mmoja) ya HOTELI. Nikiandika ALTER SESSION SET CURRENT_SCHEMA = HOTELI, sihitaji tena kutaja skima mbele ya kila jedwali, raha tupu. Lakini SESSION_USER (jina la aliyeingia) bado ni MAPOKEZI, na nikigusa jedwali la malipo napata kosa la ORA-00942, eti halipo! Naona amri hiyo hubadilisha pa kutafutia majina tu. Haki hubaki za aliyeingia. Nenosiri la HOTELI sitaki kumpa mtu, vijana wa mapokezi hubadilika kila msimu. Sasa nitoe GRANT (amri ya kumpa yuza haki) jedwali moja moja, au nitengeneze roli, yaani fungu la haki lenye jina? Wasiwasi wangu, haki za roli hazifanyi kazi ndani ya prosija (programu zinazohifadhiwa ndani ya databesi) za kawaida. Nyinyi mnafanyaje?