Oregon: Hoja ya 118 ilikwama wapi?

Mdadisi_Pwani
Wakuu, Novemba 2024 kule Oregon, jimbo la Marekani, ilipigiwa kura Hoja ya 118 ili kila mkazi, mtoto kwa mzee, apate kama dola 1,600 kwa mwaka, kampuni kubwa zilipie. Zaidi ya robo tatu ya wapiga kura wakakataa. Hela ya bure inakataliwaje?

Hesabu_Kavu
Kugawa hakukuwa tabu, tabu ilikuwa kukusanya. Kodi ilikuwa asilimia 3 ya mauzo yanayozidi dola milioni 25 ndani ya jimbo. Mauzo, si faida! Chukua duka la vyakula linalouza milioni 125 na kubakiwa na asilimia 2: faida ni milioni 2.5, kodi milioni 3. Hapo bei ya mkate itapanda tu. Na bidhaa ikipitia kiwanda, muuzaji wa jumla na wa rejareja, wote wakubwa, inatozwa mara tatu.

Kuna shimo jingine ambalo wengi hawakuliona. Kampuni Oregon hulipa kodi ya faida au kima cha chini cha kodi kinachopimwa kwa mauzo, ile iliyo kubwa. Hoja ilitaka kupandisha kima cha chini kwa ile asilimia 3, na nyongeza yote iende kwenye mgao. Kwa hiyo kampuni zilizokuwa zikilipa kodi ya faida, inayoingia mfuko mkuu wa jimbo, zingehamia kwenye kima cha chini, na shule zinazotegemea mfuko huo zingepungukiwa. Ndiyo maana hata gavana Tina Kotek, Mdemokrati, aliipinga.

Mdadisi_Pwani
Na wazee na walemavu wanaopokea SSI, ile posho ya serikali kuu ya Marekani kwa wenye kipato kidogo?

Bi_Mafao
Hapo ndipo penye mtego, ndugu yangu. SSI husamehe dola 20 tu kwa mwezi za kipato kisicho cha kazi. Zinazozidi hukatwa dola kwa dola. Ukilipwa 1,600 kwa mkupuo, malipo ya mwezi huo yanaweza kufutika yote, maana kiwango cha juu cha mtu mmoja mwaka 2024 kilikuwa 943. Msaada unaotolewa kwa kupima uhitaji, na kulipiwa na jimbo peke yake, hauhesabiwi. Huu wa kumpa kila mtu haukupimwa uhitaji, kwa hiyo kinga hiyo haukuwa nayo. Hoja iliahidi kuwafidia, lakini fidia yenyewe ingetoka kapu lilelile.

Mzee_Kobe
Mbona mji wa Stockton, California, uligawa hela ya bure na ukafaulu?

Hesabu_Kavu
Stockton ni watu 125, dola 500 kwa mwezi, miaka 2, na fedha za wafadhili. Pale hakuna aliyetozwa kodi, mzee wangu. Linganisha na jimbo la Alaska: tangu 1982 inagawa faida ya mfuko uliojazwa na mafuta, na hata huko kiasi hugombaniwa bungeni kila mwaka.